Maswali ya "lipi linadhoofisha hoja": kwa nini hapa jibu ni B na si D?

#1 Mwanafunzi wa Jioni

Habari za jioni wakuu.

Najiandaa na LSAT, mtihani wa kuingia shule za sheria huku Kanada na Marekani. Kusoma vifungu virefu naweza, ila maswali ya kudhoofisha hoja za sababu na matokeo yananitoa jasho. Kila mara nabaki na majibu mawili mkononi, nachagua moja, na lile nililoliacha ndilo linakuwa sahihi. Swali hili katutungia mwenzetu wa kikundi cha masomo. Wilaya ni ya kubuni.

"Mwaka jana wilaya moja iliendesha mafunzo ya hiari ya usalama barabarani kwa madereva wa bodaboda. Katika miezi sita iliyofuata, waliohudhuria walipata nusu tu ya ajali walizopata wasiohudhuria, kwa kila kilomita elfu kumi walizoendesha. Kwa hiyo mafunzo hayo hupunguza ajali."

Lipi kati ya haya, likiwa ni kweli, linadhoofisha zaidi hoja hiyo?

A. Baadhi ya madereva waliohudhuria walipata ajali baada ya mafunzo.
B. Katika mwaka uliotangulia mafunzo, madereva ambao baadaye walihudhuria walikuwa tayari na ajali chache kwa kila kilomita kuliko wenzao.
C. Ajali nyingi za bodaboda wilayani humo husababishwa na ubovu wa barabara.
D. Madereva waliohudhuria huendesha saa chache kwa siku kuliko wasiohudhuria.
E. Mafunzo hayo yaliigharimu wilaya fedha nyingi kuliko ilivyopangwa.

Mimi nilichagua D. Mtunzi anasema B. Nimesoma maelezo yake mara tatu na bado naiona D ina nguvu. Naomba mnifungue macho.

#2 Nyundo ya Mbao

Nimetandika mkeka hapa. Swali zuri, nawangoja wajuzi.

#3 Kiranja wa Zamani

Mtunzi kakosea, mkuu. Anayeendesha saa nne utamlinganishaje na anayeendesha saa kumi na nne? Anayeshinda barabarani ndiye atakayegongwa. Mafunzo yanaingilia wapi hapo? Jibu ni D, na ningekuwa msahihishaji ningekupa alama zako zote.

#4 Fundi Hoja

Kiranja, rudi kwenye swali usome tena: "kwa kila kilomita elfu kumi walizoendesha". Mtunzi ameshaufunga mlango huo. Huyu akienda kilomita elfu mbili na yule elfu ishirini, bado wamewekwa kwenye mizani moja. Kama hoja ingesema "walipata ajali chache" ikaishia hapo, D ingekuwa mshindani wa kweli wa B.

Ndivyo mitihani hii ilivyo. Maneno matatu kwenye maelezo yanaua jibu ambalo bila maneno hayo lingepita. Mimi nilifanya GMAT, mtihani wa kuingia shule za biashara, ambako sehemu ya lugha sasa ina maswali 23 kwa dakika 45, na maswali niliyokosa kwenye mazoezi mengi niliyakosa kwa kukimbilia majibu kabla sijajua ni kitu gani hasa kilichopimwa.

#5 Bint Kilindini

Fundi, nakuheshimu, lakini umefunga mlango ukaacha dirisha wazi.

Kaka yangu ni mwanabodaboda hapa Mombasa. Amepata ajali mbili maishani, zote usiku, baada ya kutwa nzima juani, macho yamejaa usingizi. Ya pili ilimlaza miezi miwili. Kilomita ya saa mbili asubuhi na kilomita ya saa tano usiku hazina hatari sawa hata kama zote ni kilomita. Anayeendesha saa chache, kilomita zake zote ni za mtu aliyepumzika. Gawanya utakavyo, ajali zake zitakuwa chache, na hajajifunza lolote darasani. D inatoa sababu nyingine ya ile nusu. Sijaona iliposhindwa.

#6 Kiranja wa Zamani

Asante dada. Nakubali nilisoma haraka, Fundi ana haki yake. Ila jibu langu limepata mguu mwingine wa kusimamia.

#7 Mzee wa Takwimu

Shikamooni mlio wakubwa, marahaba kwa wengine.

Dirisha la Bint lipo kweli. Lakini tazameni wakati. B inasema "mwaka uliotangulia mafunzo". D inasema "huendesha", bila kusema tangu lini. Je, kama mafunzo yenyewe ndiyo yaliyowafundisha kupumzika? Mkufunzi kawaambia ukisikia kichwa kizito, egesha pikipiki ulale. Wametii, saa zimepungua, uchovu umepungua, ajali zimepungua. Hapo D inakuwa ile njia ambayo mafunzo yamepita ili yafanye kazi, na hoja inapata nguvu. B haiwezi kugeuzwa namna hiyo. Mafunzo hayawezi kurudi nyuma yakapunguza ajali za mwaka ambao hayakuwapo.

Wazee walilisema kwa jogoo: awike asiwike, kutakucha. Mtu anasikia jogoo, baada ya dakika chache anaona mwanga, kesho hivyo hivyo, keshokutwa hivyo hivyo, mwisho anaamini jogoo ndiye anayeleta asubuhi. Ukitaka kumtikisa, mwonyeshe siku jogoo alipochinjwa na bado kukakucha. B ndiyo siku hiyo: mafunzo hayapo, na tofauti ipo.

#8 Bint Kilindini

Mzee, mfano wa jogoo nimeupenda na nitauiba. Lakini "baada ya mafunzo" umeiongeza wewe, kwenye D haimo. "Huendesha" ni mazoea. Ukisema "Juma huamka mapema" hukusudii kwamba alianza wiki jana.

#9 Lulu ya Ziwa

Nafundisha Kiswahili sekondari huku Mwanza, niruhusuni niingilie. Hiyo *hu-* ya mazoea haibebi wakati wowote. Haisemi jana, haisemi leo, haisemi tangu lini. Bint amesoma mazoea ya siku zote, Mzee amesoma mazoea ya sasa, na sarufi inawaruhusu wote wawili. Mtunzi angeandika "walikuwa wakiendesha saa chache hata kabla ya mafunzo", Bint angeshinda. Angeandika "wameanza kuendesha saa chache", Mzee angeshinda. Kwa hiyo ugomvi huu umezaliwa na silabi moja.

#10 Mwanafunzi wa Jioni

Asanteni sana. Sikutegemea silabi. Naanza kuona kwamba nguvu ya B ni kule kutoacha nafasi ya kuisoma namna mbili.

A na E naziona. A inaongelea "baadhi", na hoja haikudai kwamba mafunzo yanamaliza ajali. E ni habari ya mfuko wa wilaya. Lakini C? Kama ajali nyingi zinaletwa na barabara mbovu, je, si sababu nyingine hiyo? Vitabu vyote vinasema tafuta sababu nyingine.

#11 Fundi Hoja

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na nilianguka mimi kwa muda mrefu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Swali halikuuliza nini kinaleta ajali. Limeuliza nini kimeleta *tofauti* ya ajali kati ya makundi mawili. Barabara mbovu inamvunja aliyehudhuria na asiyehudhuria. Ikiwa wote wanapita mashimo yale yale, mashimo hayawezi kueleza kwa nini hawa wana nusu ya ajali za wale. Ni kama shamba mbili jirani, moja limetiwa mbolea na limezaa mara mbili ya jingine. Mtu akikwambia mahindi yanahitaji mvua, amesema kweli, lakini mvua ilinyesha pande zote mbili za mpaka.

Sababu nyingine inayodhoofisha ni ile iliyoko upande mmoja na haiko upande wa pili. Au, kama hoja ni ya kabla na baada, ni ile iliyobadilika wakati ule ule. Sasa nikisoma jibu lenye sura ya sababu nyingine najiuliza kwanza: hii ipo upande gani? Ikiwa pande zote, naiacha.

#12 Nyundo ya Mbao

Na kama waliohudhuria ni wa mjini wenye lami, na wasiohudhuria ni wa vijijini kwenye mashimo? C si inafufuka?

#13 Fundi Hoja

Inafufuka kwa maneno yako, Nyundo, siyo ya mtunzi. Ukiruhusiwa kuongeza sentensi yako kila jibu linaweza kuwa sahihi, hata E.

#14 Bint Kilindini

Hiyo sheria umwambie na Mzee wa Takwimu aliyeiongezea D "baada ya mafunzo". 😊

#15 Mjukuu wa Tanga

Nimesoma kimya kimya mpaka hapa, ila mfano wa jogoo umenikumbusha bibi yangu, Mungu amrehemu. Alitukataza maembe mabichi kwa sababu yanaleta malaria. Na hakuwa akisema ovyo, alikuwa na ushahidi wake. Kila msimu wa maembe, watoto tunapanda miembe, tunakula na chumvi na pilipili, na baada ya wiki mbili nusu ya nyumba ina homa. Kila mwaka. Ungemwambia nini?

Nilipokuwa mkubwa nikaelewa kwamba kwetu maembe na mbu vilifuatana na mvua. Daktari Mwingereza Ronald Ross alivikuta vimelea vya malaria ndani ya mbu mwaka 1897 kule Secunderabad, India, na hata jina la ugonjwa lilitokana na Kiitaliano, hewa mbaya, maana nao walikuwa wameona kwamba wanaoishi karibu na vinamasi ndio wanaougua. Walichokiona kilikuwa kweli. Bibi naye alichokiona kilikuwa kweli. Nawaza kama hii ni aina ile ile ya swali la bodaboda au ni nyingine, maana hapa kuna kitu cha tatu kinachozaa vyote viwili.

#16 Mzee wa Takwimu

Ni ndugu yake, Mjukuu. Kwenye bodaboda kitu cha tatu ni tabia ya dereva: mtu mwangalifu ndiye anayejitokeza kwenye mafunzo ya hiari, na ndiye huyo huyo asiyegongana. Neno la kutazama kwenye swali la mwanzo ni "hiari". Mtunzi aliliweka pale kwa makusudi.

#17 Mpita Njia

Mbona mnazunguka mbali? Sababu halisi haihitaji falsafa. Daktari John Snow, London, 1854: kipindupindu kilikuwa kinaua watu mtaa wa Broad Street. Akang'oa mpini wa pampu ya maji, ugonjwa ukaisha. Ondoa sababu, matokeo yanaondoka. Hoja ya namna hiyo nani ataidhoofisha?

#18 Mzee wa Takwimu

Snow mwenyewe aliidhoofisha, Mpita Njia. Na mpini hakuung'oa yeye, aliwashawishi viongozi wa parokia nao wakaamuru uondolewe, tarehe 8 Septemba 1854. Kufikia siku hiyo vifo vilikuwa vimeshapungua sana, kwa sababu watu walikuwa wameukimbia mtaa. Snow aliandika wazi kwamba hawezi kusema kama maji ya kisima yalikuwa bado na sumu siku ile au yalikuwa yameshatakata. Mpini ungekuwa swali la LSAT, jibu la kudhoofisha lingekuwa: "Vifo vilianza kupungua siku kadhaa kabla ya mpini kuondolewa." Ni B yetu hiyo hiyo, kavaa nguo nyingine.

Ushahidi wake wenye nguvu ulikuwa kwingine. Karibu na pampu ile palikuwa na nyumba ya maskini yenye watu 535. Kama hewa chafu ya mtaa ndiyo iliyokuwa ikiua, kama wengi walivyoamini wakati huo, wangekwisha. Walikufa watano tu, na nyumba ilikuwa na kisima chake. Kiwanda cha bia kilikuwa mtaa ule ule, kina wafanyakazi zaidi ya 70, hakufa hata mmoja. Walikuwa wakinywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Halafu mjane mmoja aliyekuwa akiishi Hampstead, mbali kabisa, ambako hapakuwa na kipindupindu, akafa. Wanawe walikuwa wakimpelekea maji ya Broad Street kwa chupa kwa sababu aliyapenda ladha yake. Mpwa wake aliyemtembelea akanywa, akarudi Islington, akafa naye.

Hewa ipo, ugonjwa haupo. Hewa haipo, ugonjwa upo. Dai la hewa chafu lilipigwa pande zote mbili, na mpini haukuhitajika.

#19 Mpita Njia

Nimejifunza. Shuleni tuliishia kwenye mpini.

#20 Mtoto wa Busia

Niliposoma "hiari" ya Mzee nilikumbuka jambo la kwetu magharibi ya Kenya. Watafiti akina Glewwe na Kremer walitaka kujua kama chati za ukutani, zile picha kubwa za sayansi na hesabu ambazo mwalimu anazining'iniza mbele ya darasa, zinasaidia wanafunzi kufaulu. Kwanza walilinganisha tu shule zilizokuwa nazo na zisizokuwa nazo. Zenye chati zilikuwa na alama za juu, tofauti ya kuonekana. Ingeishia hapo, kila shirika lingenunua chati.

Wakafanya la pili. Shule 178, nusu zikapewa chati kwa kura, nusu hazikupewa. Alama zikatoka sawa. Matokeo yakachapishwa 2004, na Kremer baadaye akapata Nobeli ya uchumi 2019 pamoja na Banerjee na Duflo, kwa kazi za aina hiyo.

Shule iliyonunua chati yenyewe ni shule ya aina gani? Ni yenye wazazi wanaolipa, mwalimu mkuu anayefuatilia, kamati inayokutana. Hivyo vyote vilikuwapo kabla ya chati kufika. Mimi nimesoma kwenye darasa lenye chati ya mfumo wa mmeng'enyo wa chakula iliyopauka mpaka ini halionekani, na mwalimu alikuwa bora kuliko wote niliowahi kuwa nao. Ningeulizwa ningesema chati ilinisaidia.

#21 Mwanafunzi wa Jioni

Hii ya chati nimeiandika kwenye daftari. Kwa hiyo kura inafanya kazi gani hasa?

#22 Mtoto wa Busia

Kura haimjui mwalimu mkuu mwenye bidii. Inawatupa wenye bidii na wavivu pande zote mbili. Kwenye mtihani ukiona maelezo yanasema washiriki waligawanywa kwa kura, usipoteze muda na majibu ya "waliojiunga walikuwa tofauti". Tafuta kwingine.

#23 Kaka wa Minneapolis

Ndugu yetu wa LSAT, nilipita njia hiyo, nikupe mkato. Kariri njia tano: sababu nyingine, mshale umegeuzwa (kinachoitwa matokeo ndicho sababu), sababu ipo na matokeo hayapo, matokeo yapo na sababu haipo, vipimo vibovu. Kila jibu sahihi litaangukia humo. Nguvu zako zipeleke kwenye ile michezo ya mantiki ya kupanga watu kwenye viti, ndiyo inayoangusha watu.

#24 Wakili Mtarajiwa

Kaka, michezo ya mantiki iliondolewa Agosti 2024. Sasa sehemu za hoja zinazohesabiwa ni mbili na ya kusoma vifungu ni moja, dakika 35 kila moja, pamoja na sehemu moja ya majaribio isiyohesabiwa ambayo hujui ni ipi. Maana yake uzi huu una thamani zaidi sasa kuliko wakati wako, sehemu kubwa ya alama iko kwenye hoja.

Na kuhusu kukariri njia tano, mimi ilinidhuru. Nilikuwa naingia kwenye majibu nikitafuta "sababu nyingine" kama mtu anayetafuta sura ya rafiki kwenye umati, nikiona inayofanana naikumbatia. C ya juu ndiyo ingenikamata. Nilipoacha orodha nikaanza kujiuliza "huyu anayedai, ni kitu gani anakichukulia kuwa kweli bila kukisema?", alama zikapanda.

#25 Kaka wa Minneapolis

Asante kwa marekebisho, nilifanya zamani. Lakini alama zako zilipanda kwa sababu uliacha orodha, au kwa sababu ulikuwa umefanya mazoezi ya miezi mingi zaidi? Unaona, orodha bado inafanya kazi.

#26 Wakili Mtarajiwa

Umenishika. Siwezi kuthibitisha.

#27 Lulu ya Ziwa

Hiyo njia ya tano, vipimo vibovu, haijapata mfano, na Mtanzania mwenzetu anautoa. Erasto Mpemba, 1963, akiwa mwanafunzi wa Mkwawa, Iringa, aliweka maziwa ya moto kwenye friza akitengeneza aiskrimu, yakaganda kabla ya yale ya wenzake yaliyokuwa yamepoa. Mwalimu alimkatalia. Leo fizikia nzima inajua jina lake.

#28 Mjukuu wa Tanga

Samahani mwalimu, 1963 alikuwa Magamba, Lushoto, kidato cha tatu. Mkwawa alikwenda baadaye, na huko ndiko alikomuuliza Denis Osborne aliyetoka chuo kikuu Dar es Salaam kutoa mhadhara. Waliandika pamoja 1969. Lushoto hatumwachii mtu.

#29 Lulu ya Ziwa

Mchukueni, ni wenu. Nilichotaka kusema: sababu zimetolewa nyingi. Maji ya moto hupungua kwa mvuke, hewa iliyomo ndani hutoka, maji huzunguka chomboni kwa namna nyingine, chombo cha moto huyeyusha utandu wa barafu chini yake kikashikana vizuri na friza. Halafu 2016 watafiti Burridge na Linden wakasema walipopima kwa uangalifu hawakuona tofauti, na kwamba ukisogeza kipimajoto juu au chini kidogo tu, matokeo yanageuka. Yaani hawakugusa sababu hata moja. Waliuliza kama matokeo yenyewe yapo.

#30 Mjukuu wa Tanga

Na wengine bado wanasema yapo, katika hali fulani. Mimi niko nao mpaka nionyeshwe vinginevyo kwa maziwa, maana Mpemba aliweka maziwa.

#31 Mzee wa Takwimu

Narudi kwenye B, kwa sababu kuna kitu kinanisumbua na nilikuwa nimeitetea kwa sauti kubwa.

B inasema walikuwa na ajali "chache" kabla. Chache kiasi gani? Tuseme kabla ya mafunzo walikuwa na ajali tisa pale wenzao walipokuwa na kumi. Baada ya mafunzo wana tano kwa kumi. Hapo mafunzo yamefanya kazi, na B bado ni kweli.

Jambo hili lilikuwa na uzito kwenye sigara. Mwaka 1950 watafiti Waingereza Doll na Hill walionyesha kwamba wenye saratani ya mapafu walikuwa wavutaji zaidi. Ronald Fisher, baba wa takwimu tunazotumia sote, akasema huenda kuna kitu cha tatu, urithi wa damu unaomfanya mtu apende sigara na pia apate saratani. Akasema hata mshale huenda umegeuka. Kwa kanuni za mtihani alikuwa ametoa majibu mawili mazuri ya kudhoofisha. Mwaka 1959 mtakwimu Jerome Cornfield na wenzake wakajibu kwa hesabu: kama wavutaji wanapata saratani mara tisa ya wasiovuta, na sigara haina hatia, basi hicho kitu cha tatu lazima kiwe kwa wavutaji angalau mara tisa ya kilivyo kwa wasiovuta. Kionyesheni. Hakikuonekana. Fisher pia alikuwa mshauri wa kulipwa wa wenye viwanda vya tumbaku, ingawa hoja hujibiwa kwa hoja.

Kwa hiyo B inahitaji iwe kubwa kama tofauti yenyewe, na haijasema ukubwa wake.

#32 Fundi Hoja

Mzee, umepanda juu kuliko mtihani. Swali linasema "linadhoofisha zaidi", yaani kuliko yale manne mengine. Jibu linatakiwa kutikisa kiungo kati ya takwimu na hitimisho, likifanya hivyo limemaliza kazi, hata kama jengo bado limesimama. Ukidai B iue hoja, hakuna jibu la LSAT litakalokutosha.

#33 Mzee wa Takwimu

Nakubali kwa mtihani. Kwa bodaboda halisi sikubali. Diwani akifuta mafunzo kwa sababu ya B bila kuuliza "chache kiasi gani", kuna vijana watakaoumia.

#34 Bint Kilindini

Kwa hilo niko na Mzee. Kaka yangu alihudhuria mafunzo ya namna hiyo baada ya ajali ya pili. Hajaanguka tena, mwaka wa tatu huu. Na saa amepunguza. Sijui nimshukuru mkufunzi au usingizi. D yangu siiachi.

#35 Mwanafunzi wa Jioni

Mwanabodaboda wa Bint amenipa swali. Nimelitunga usiku huu baada ya kazi, naomba mlipige:

"Madereva waliopata ajali mbili au zaidi mwaka juzi walilazimishwa kuhudhuria mafunzo. Mwaka jana, wastani wa ajali zao ulishuka kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo mafunzo hupunguza ajali."

Hapa hiari haipo, na "walikuwa waangalifu tangu mwanzo" haiwezekani, walikuwa wabaya kuliko wote. Nilidhani nimeziba kila tundu. Majibu bado sijayaandika.

#36 Mzee wa Takwimu

Umewachagua kwa mwaka wao mbaya kuliko yote. Katika watu elfu, wapo waliopata ajali mbili kwa ubovu wao na wapo waliozipata kwa bahati mbaya tu, lori limewakuta. Mwaka unaofuata lori haliwakuti wote tena. Weka hili kama jibu B: "Madereva wa wilaya jirani waliopata ajali mbili au zaidi mwaka juzi, na ambao hawakupata mafunzo yoyote, nao ajali zao zilishuka kwa kiasi kile kile."

#37 Bint Kilindini

"Kiasi kile kile." Safari hii umeandika ukubwa, Mzee. Na je, waliendesha saa ngapi?